Jiwe la Nje ya Mlango Wangu

Tata,

Baba yangu, natumaini goti limepoa, na kwamba hapo Suneka shangazi anakupa uji wa wimbi usio mwepesi. Mimi huku Doha ni mzima, naosha sufuria za hoteli, nyingine kubwa kuliko pipa letu la maji. Simu zangu hupokei, basi naandika. Binti ya shangazi akusomee polepole, asiruke mahali.

Mke wangu Moraa alinipigia siku ile ya mvua ya mawe. Alikuwa ameteleza sebuleni, na mimba yake ya miezi saba, akashindwa kuinuka. Ulisimama nje ukiita wanawake, lakini mawe yakipiga mabati vile, nani angesikia? Ndipo ukaingia, ukambeba mpaka barabarani.

Nilipigwa na butwaa. Na unajua niliuliza nini kwanza? "Tata ameingia ndani kabisa?" Sikumuulizia mtoto. Moraa akasema, "Wewe Nyamweya, mimi niko hospitali na wewe unauliza mambo ya mlango?" Mpaka leo nashtuka kwamba mdomo huu ulisema hivyo.

Wewe ndiwe uliyenifunza chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya. Utotoni ilikuwa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, basi. Nilipooa ikawa jambo zito. Tulichimba msingi pamoja, ukapanda kupigilia mabati, lakini Moraa alipoingia, wewe baba mkwe wake hukukanyaga tena ndani. Uji ulinywea kwenye lile jiwe la nje, hata manyunyu yakianguka. Hati ya shamba sina, Tata. Wewe kukaa kwenye jiwe ndiko kulikoniambia nyumba ni yangu. Nilijivuna, sikufichi.

Sasa nasikia umehama, eti umemvunjia mwanao heshima, na hurudi mpaka niseme neno. Tata! Umri huo ulale kwenye kochi la watu kwa kosa la kumwokoa mjukuu wako? Daktari anasema anacheza tumboni.

Haya, nasema. Baba mdogo akidai mbuzi wa kutakasa, mbuzi ni wangu, mleni. Lakini kama nyumba ni yangu kweli, mwenye nyumba ndiye hukaribisha, na mimi sijawahi kukukaribisha hata siku moja.

Nisalimie shangazi mlezi wako, baba mdogo mpenda nyama, na mama mkwe wangu anayemuuguza Moraa. Nimewaambia wa huko nyumbani jiwe lile walisogeze, lizuie mlango usijifunge.

Karibu ndani, Tata.

Mwanao,
Nyamweya