Mkufu wa Muhogo Hautumwi kwa Basi

Kabula mwanangu,

Hujambo huko Nkome? Sisi huku Tinde wazima, kuku tu ndio wanakufa. Mwandiko huu ni wa Mama Kulwa jirani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambie. Kwenye simu nikimgusia mwanao Minza unalia, halafu unakata. Barua haikatiki. Kaa pembeni ya hivyo vichanja, dagaa watakauka bila wewe kuwatazama, usome mpaka mwisho.

Unazikumbuka kucha zako za alizeti? Ulikuwa unachuma yale majani ya njano ya ua, unayalamba, unayabandika kwenye kucha, halafu unakuja mikono mbele kama bibi harusi. "Mama, leo siwezi kuosha vyombo, kucha zitatoka." Nikakwambia osha kwa miguu. Ukacheka mpaka zikadondoka zote. Na maua ya maboga ukayafanya kofia za vidole. Nilikufukuza na mwiko hadi ulipojua kuyaacha yale yenye kiboga kidogo chini, ukachuma ya kikonyo kirefu tu. Mwanao anachuma hivyo hivyo. Sikumwambia mara mbili.

Sasa, lililo moyoni mwako nalijua. Unasema umekaa mbali mno, mtoto atakuona mgeni. "Mama, akinikimbia nitafia hapo hapo mlangoni." Hutakufa. Kukimbia atakukimbia, nakwambia ukweli. Hata wewe ulinikimbia mimi.

Ulikuwa mdogo kama yeye. Nilikwenda Ushirombo kumuuguza mama yangu, nikakaa msimu mzima mpaka tukamzika. Narudi nimekonda, nimenyoa kichwa kwa msiba, nakukuta uani na shangazi yako. Ukaniambia, "Shikamoo mgeni. Mama hayupo." Mgeni! Ndani ya mji wangu mwenyewe! Nikataka kukukamata nikubane kifuani, ukajificha nyuma ya ghala. Shangazi yako akakuita, akakutishia fimbo. Wapi!

Nikawaacha. Nikakaa chini ukingoni mwa shamba la muhogo, nikachuma jani na kikonyo chake, nikaanza kukivunja kutengeneza mkufu. Kipande kidogo huku, unavuta, ganda linabaki. Kipande kingine upande wa pili, ganda linabaki. Sikukuita. Sikukutazama. Nikasikia miguu. Nikasikia pua yako inavuta kamasi. Halafu ukasema nyuma ya sikio langu, "Unavunja vibaya. Mama anavunja fupi fupi."

Nikakupa. Ukavunja fupi fupi, ukanivisha, jani likaning'inia kifuani. Hapo ndipo uliponitazama usoni. "Mama, nywele zako ziko wapi?"

Ng'wanawane, mwanangu wee, nilikuwa nimeshuka kwenye gari tangu asubuhi, lakini nyumbani nilifika saa ile.

Minza anatengeneza mikufu miwili kila siku, wake na wako. Shina la muhogo karibu na mlango amelivua nguo zote. Wako anautundika kwenye msumari wa mlango. Jioni umenyauka, anautupa, kesho anavunja mwingine. Juzi kaniambia tuutie kwenye mfuko, kondakta akuletee. Nikamwambia mkufu wa muhogo hautumwi kwa basi, huvaliwa siku ileile ulipovunjwa. Akaniangalia kama mjinga. "Sasa si mama apande hilo gari?"

Nilijifanya natafuta chumvi. Jibu la swali lile silo langu.

Kwa hiyo njoo. Usibebe mdoli, yule wa nywele za njano uliyemleta anatosha, tena anavaa kofia ya ua la boga. Usimuite kwa sauti ya kilio, usimkamate. Na mimi usinitazame unitegee nikusaidie, nitakuwa jikoni. Kaa chini, chuma jani, vunja polepole, maana ukiwa na haraka ganda hukatika. Na uvunje vipande virefu virefu, Kabula. Makusudi. Hawezi kuvumilia, ni damu yako. Atakuja kukurekebisha.

Msumari uko palepale. Panda gari la alfajiri, ufike ule mkufu ukiwa bado mbichi.

Ni mimi mama yako niliyewahi kuitwa mgeni,
bibi yake Minza.