Mji wa Mezani

4 Machi

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, goti tu ndilo lenye maneno. Wewe na mumeo hamjambo?

Nimeiteka meza ya chakula. Mama yako anapakulia jikoni, kaninunia. Najenga reli ndogo na mji wa kubuni: stesheni, soko, shule, nyumba arobaini za kadibodi. Wewe ndiye mchora ramani. Nichoree, treni ipinde bila kuanguka.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Sisi wazima. Goti lichue, usilibembeleze.

Mchoro huu hapa. Kona ya shule ni kali. Ipanue kiganja kimoja, treni itapita kama maji. Ila soko liko ng'ambo ya reli na hakuna pa kuvukia. Watu wako watanunuaje vitunguu? Weka kivuko mbele ya stesheni.

Mwanao

2 Juni

Shikamoo Baba,

Hujambo kweli? Nimeandika mara mbili, kimya. Mama anasema umeifunika meza kwa shuka. Nimekosea wapi?

Mwanao

11 Juni

Marahaba mwanangu,

Hujakosea. Mwaka wangu wa mwisho kazini, kwenye kivuko, nilimgonga mama mmoja fundi cherehani. Nilipiga honi, nikafunga breki. Treni haisimami kama baiskeli. Alipona, ila mguu ulikatwa. Wakubwa walisema sina kosa. Lakini sikwenda hata kumpa pole. Ninyi niliwaambia nimeacha kazi kwa ajili ya goti.

Kivuko siweki.

Baba yako

20 Juni

Shikamoo Baba, na pole sana.

Basi usiweke. Nimekuchorea daraja la kupita juu, ngazi kumi na mbili kila upande. Hilo nimeliweza mimi. Kwa fundi utakwenda wewe. Yu hai, Baba, hujachelewa.

Mwanao

15 Julai

Binti yangu,

Hatujambo. Nilikwenda. Nikasema mlangoni, "Mimi ndiye dereva." Akasimamisha cherehani. "Miaka sita! Umechelewa kama treni zenu." Tukacheka, kisha tukalia.

Jana alikuja na magongo yake kuuona mji. Akaizunguka meza yote, akagusa daraja lako. "Zuri. Na mimi nipite wapi?"

Mama yako akamvutia kiti, wakaanza kung'oa ngazi wenyewe.

Tuchoree daraja la mteremko, mwanangu. Fanya haraka: Jumamosi anarudi, na kasema anakuja na mkasi.

Baba yako