Miaka au Miezi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama na mwanao Kijino amekubali kula. Mimi mzima wa mwili tu, moyo uko juujuu. Barua hii nimeianza mara nne. Nikiandika mistari miwili nasimama, nakwenda dirishani, narudi.

Ulinitania kwamba nilisoma miaka yote ile ili nije kuosha vichupa. Basi sikia. Tunapokea seli za watoto wenye saratani ya damu, tunapima protini zilizomo, kisha tunalinganisha za wachanga na za wakubwa. Ugonjwa jina moja, lakini ndani si uleule: wa wachanga huwa mkaidi, hutaka dawa kali. Vichupa havina majina, vina namba na umri.

Wiki hii mkuu wetu alifurahi kupita kiasi. Mtoto wa miaka tisa ameonekana na protini za kichanga! Akasema huo ni ugunduzi, tujiandae kuandika. Mimi roho ikanikereketa, nikaenda kufukua karatasi ya wodini. Muuguzi alikuwa ameandika "9 m". Aliyeingiza kwenye kompyuta ni mimi, na nilisoma miaka. Kumbe ni miezi.

Dada, kichupa kile ni cha Kijino. Namba yake niliichungulia zamani, kinyume na kanuni, maana sikuweza kuvumilia kutojua. Nikaiona imekaa na wakubwa, kundi lenye nafuu, furaha ikanipofusha. Sikujiuliza mtoto anayetambaa anatafuta nini huko. Ndipo nikakwambia usihangaike, nawe kwa neno langu ukamkatalia daktari dawa kali. Kosa ni langu peke yangu.

Mkuu nimemweleza, amenifokea, na ana haki. Simu nimeishika mara tatu, nikairudisha. Shemeji nimemwambia ana kwa ana. Akaniomba nikuandikie mwenyewe, yeye ataileta barua. Daktari anasema hatujachelewa, ila dawa zianze kesho asubuhi. Mpeleke, Dada. Usiniulize mimi tena, muulize yeye.

Nisalimie mama, na Kijino umbusu kisogoni kwa niaba yangu. Najua utanikasirikia, na sitajitetea. Naomba tu hasira hiyo uianze keshokutwa, dawa zikishaanza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba