Piko ya Bi Harusi wa Voi

Mama mpenzi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Voi, nyumbani kwa Ami Salim. Leo nimempaka bi harusi, Zuhura, piko kwa mkono wangu mwenyewe. Unajua miaka mitatu nilikuwa nimeacha, jicho lilivyochongoka mbele, kila mstari nauona miwili na miwani haisaidii. Kwa hizi lenzi ngumu za kuvaa ndani ya jicho, ulizonipeleka Nairobi nikapimiwa, leo nimeona hata vinyweleo vya mkono wake.

Huku kuna upepo na vumbi jekundu. Nilipofika kwenye kiganja cha pili likaniingia jichoni, machozi yakanitoka. Nikanawa mikono, nikaitoa lenzi mbele ya wanawake wote waliojaa uani. Nyanyake Zuhura akashika kifua. "Mwanangu, umeng'oa jicho?"

"La, nyanya, ni kioo chake tu."

Nikaiosha kwa dawa yake, nikairudisha, nikaendelea na maua yangu mpaka kwenye kiwiko.

Shangazi Rukia, yule aliyesema nitafutiwe kazi nyingine, alimkagua Zuhura kidole kwa kidole. Halafu akakunja mkono wa buibui lake, akaketi mbele yangu. "Nipake na mimi," akasema. "Ua lile lile."

Mama, wiki ile ya kwanza lenzi hizi zilipokuwa zikiniuma nikataka kuzitupa, wewe ndiye uliyekataa. Mungu akulipe kheri na akupe afya. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha