Kigingi cha Mama na Kaburi la Baba

Mtaa wa Sofia,
Busia, Uganda.
9 Februari 2026

Mpendwa Kaka Wabwire,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Afya yako vipi, na joto la Doha? Sisi tu wazima, ila Mama magoti yanamsumbua akiinuka. Mvua bado.

Kaka, huku tumeona makubwa. Bomba la mafuta linakuja kutoka upande wa Kenya, na litapita katikati ya mtaa wetu. Vipande vyake vimelazwa kando ya barabara mpaka macho yanachoka kuvifuata. Juzi nilipeleka mzigo Tororo nikaona tangi wanalojenga huko. Lingemeza kanisa letu lote, kwaya ikiwa ndani! Nilishuka kwenye boda nikasimama tu, mdomo wazi.

Wapimaji walipigilia vigingi vyekundu, na kimoja kikaangukia kichwani pa kaburi la Baba. Mama unamjua. Alfajiri aliking'oa, akakichomeka kwenye mihogo ya jirani yetu Dorah, akarudi kuchemsha chai kama hajui lolote. Mimi nilimwona nikanyamaza. Nilidhani bomba litafuata kigingi.

Wiki iliyofuata akaja mpimaji mmoja, Okware, amebeba fimbo ya chuma yenye kofia nyeupe inayosema na satelaiti. Kigingi hakukitazama hata kidogo. Alitembea moja kwa moja akasimama penye tundu lile lile la kigingi, kaburini pa Baba. Nywele zilinisimama.

"Mama, hii kigingi imetembea," akasema, akicheka.

Mama akatazama juu. "Kumbe hiyo kitu iko na macho mpaka mbinguni?" Kisha akakaa chini, akalia. Alichoogopa ni kwamba Baba atafukuliwa na watu asiowajua.

Okware alivua kofia yake akakaa naye. Tumekubaliana Baba ahamishiwe Masinya, kwenye shamba la Babu, na kaburi lisiguswe mpaka tarehe 20 Machi. Lakini wazee wa ukoo wamesema udongo wa kwanza lazima uinuliwe na mwana wa kwanza. Ni wewe, Kaka, hakuna mwingine. Usipofika, tarehe hiyo mashine itachimba.

Najua inavyokuuma kwamba Baba alizikwa wakati tajiri wako huko amekunyima ruhusa ya kuja. Hukumtupia hata udongo kidogo. Nami nilikukasirikia miaka sita, nakiri. Sasa bomba kubwa hivi, kutoka mbali hivyo, limekuja kukurudishia siku ile.

Shangazi Juliet na mwanawe Paddy wanakusalimu sana. Dorah naye, anasema mihogo yake imepona. Mungu akufungulie njia, akulinde angani na nchi kavu.

Mama amelitia jembe lako mpini mpya. Liko mlangoni, na hataki mtu mwingine alishike.

Dada yako akupendaye, hata nilipokuwa nimenuna,
Taaka