Barafu Juu ya Rajabu

Jumatatu, 3 Machi

Nimebadilisha shuka, nimepima presha za wodi nzima ya mahututi. Kisha wakamleta Rajabu, fundi redio wa Koboko. Moyo ulisimama akiwa kwenye foleni ya kumwona daktari. Tulibonyeza kifua mpaka ukarudi. Yeye hakuamka.

Dokta akaagiza tumpoze, ubongo usizidi kuumia. Barafu makwapani na kwenye manena. Dawa ya usingizi, asitetemeke. Na mashine ya kupumulia, ile moja tuliyo nayo. Barafu tumeipata kwa wauza samaki. Inanuka.

Jumanne, 4 Machi

Mke wake, Zaitun, amefika kutoka Koboko. Akamshika mkono, akauachia haraka.

"Sista, mutu yangu iko baridi. Nyinyi nafanya yeye maiti na bado iko hai?"

Nikaeleza. Akasema tutoe barafu. Kama Mungu anamwita, aende na joto yake. Dokta akakataa. Jana hakukuwa na wa kuulizwa, akasema, na leo tukikatisha tutamdhuru. Labda kweli. Lakini alisema akitazama mashine, si Zaitun. Sikupenda. Nikaongeza barafu, Zaitun ananitazama.

Jumatano, 5 Machi

Asubuhi tumeondoa barafu. Joto linarudi polepole, dawa bado iko mwilini.

Mchana, Keji. Msichana kutoka Sudan Kusini. Amejifungua salama, kisha kifafa cha uzazi. Pumzi inakatika. Anahitaji mashine.

Dokta alisimama kati ya vitanda viwili. Ubongo wa Rajabu haupimiki akiwa hivi. Kumwondoa ni kumuua mtu ambaye huenda ataamka. Hakumwondoa. Hakumuuliza Zaitun, aliyekuwa nje kwenye benchi. Mimi pia sikumwita.

Keji tumempumulisha kwa kubinya mfuko wa hewa kwa mkono, kwa zamu. Vidole vimekufa ganzi. Na mimi mzima pia.

Alhamisi, 6 Machi

Keji amefariki nikiwa kwenye zamu. Mama yake akauliza kama mashine ilikuwa moja tu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama yule mwanaume ataamka. Nikasema hatujui. Akambeba mjukuu wake, akatoka.

Sikulia. Nilirudi nyumbani Dadamu, nikala, nikalala.

Jumamosi, 8 Machi

Rajabu amefumbua macho. Ametolewa mpira kooni. Neno la kwanza: Zaitun.

Wodi nzima ilipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi. Mikono tu.

Tungemsikiliza mkewe, huenda Rajabu angekufa. Tungemsikiliza, mashine ingekuwa wazi, huenda Keji angeishi. Yote mawili ni kweli. Sijui niyaweke wapi.

Jumanne, 11 Machi

Rajabu yuko wodi ya kawaida. Nimepita kumwona. Zaitun alikuwa anamlisha uji. Ameshasikia habari za Keji, wodi haina siri.

"Sista, kwa nini hakuna mutu nauliza mimi?"

Akakoroga uji.

"Mimi ningesema peana mashine kwa ule msichana."

Rajabu alikuwa anasikia. Alimtazama mkewe. Kisha akafungua mdomo, akapokea kijiko.