Kompyuta Iliyozimika Kwenye Maua

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo nimepita Nyakato, mbele ya kile chumba ulichokuwa ukichapia kadi za harusi, nikakukumbuka umeinamia kompyuta, pua karibu iguse kioo.

Mwaka ule macho yako yalikuwa yanapotea taratibu, na daktari alikwambia hayatarudi. Ndipo ukaagiza Nairobi kadi ya picha, ile ya kupachika ndani ya kompyuta, ili maua unayochora yaonekane makubwa na kwa rangi zake zote. Ulitaka uyaone ungali unaweza.

Tukaipachika. Tukiandika barua, kompyuta inatulia. Tukifungua maua tu, inazima na kujiwasha upya. Fundi wa mjini akasema kadi ni mbovu, tuirudishe. Mimi nikalaumu umeme wa mtaa.

"Mbona taa haikutikisika?" ukaniuliza. "Na mbona inagoma kwenye maua tu?"

Hapo hatukupata raha tena. Tuliporudisha kadi ya zamani, kompyuta ilifanya kazi siku nzima. Tukaweka mpya, ikazima. Ukaniambia nichomoe waya wa ukutani, kisha ukapapasa nyaya za ndani kwa vidole, ukizifuata moja moja hadi kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachozigawia umeme.

"Kumbe wote hawa wanakula sahani moja," ukasema. "Hebu tuwapunguze tuone."

Nikaondoa kisomea CD na diski ya pili. Maua yakafunguka, yakakaa. Nikavirudisha, yakapotea. Basi kadi ilikuwa nzima. Kisanduku ndicho kilichoelemewa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Nikavuka na kivuko hadi Kamanga, kwa jamaa mwenye kompyuta iliyokufa, nikarudi na kisanduku chenye nguvu zaidi. Safari hii vyote vilifanya kazi pamoja. Ulikaa mbele ya maua yako muda mrefu.

"Hapa katikati ni njano?" ukauliza.

"Ni njano, Shangazi."

"Mimi naona rangi ya machungwa. Usiibadilishe."

Sikuibadilisha. Baadaye giza likakufunga kabisa, na sasa hupo. Nami kila nikiona ua la njano huwa nakaza macho, nafumba moja, natazama tena, nikitafuta ile rangi yako ya machungwa. Bado sijaiona.

Pumzika salama, Shangazi yangu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Rehema